Prosenkima: jina la kale la nyuzi za mkonge

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafundisha biolojia sekondari huku Muheza. Katika kabati la shule nimekuta kitabu cha botania cha Kiingereza cha enzi za ukoloni, jalada lake limeliwa na mchwa. Humo wameandika kwamba nyuzi za mkonge ni "prosenchyma". Vitabu tunavyofundishia sasa vinataja tishu za parenkima, kolenkima na sklerenkima tu. Neno hilo maana yake nini, limetoka wapi, na kwa nini limeachwa? Nikilitaja darasani nitakuwa nawapotosha vijana?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Kitabu chako hakikukosea. Kimeandikwa wakati ambapo tishu za mimea zilipangwa kwa namna nyingine, na nimefurahi kwamba mchwa wameishia kwenye jalada.

Prosenkima lilikuwa jina la tishu yenye seli ndefu, nyembamba, zilizochongoka ncha zote mbili. Ncha ya seli moja huingia katikati ya ncha za seli jirani, hata usione mahali safu moja inapokoma na nyingine inapoanzia. Mwenzake, au tuseme mpinzani wake, alikuwa parenkima: seli ambazo urefu na upana wake haupishani sana, zinazogusana kwa kuta bapa. Aliyeziweka hizo mbili zitazamane alikuwa Mjerumani Heinrich Friedrich Link (1767–1851), mwanzoni mwa karne ya 19. Baadaye ndiye aliyesimamia bustani ya mimea ya Berlin kwa miaka mingi.

Hapo pana jambo la kulishika, kwa sababu ndilo litakalotueleza kwa nini neno lilikuja kuachwa. Mgawanyo huo uliangalia umbo la seli. Haukuuliza kama ukuta wa seli ni mnene au mwembamba, kama seli iko hai au imekufa, wala inafanya kazi gani mwilini mwa mmea. Ikiwa ndefu na ncha zake zimechongoka, basi ni prosenkima.

Sasa twende kwa Wagiriki, maana umeuliza asili, na asili yenyewe inaanzia kwenye ini la binadamu.

Katika karne ya 3 K.K., mjini Alexandria, palikuwa na tabibu aitwaye Erasistratus, mzaliwa wa kisiwa cha Keos. Alichunguza viungo vya ndani vya mwili na kuona kwamba ini, mapafu na figo vina mishipa mingi inayogawanyika hadi kuwa myembamba mno, na kati ya mishipa hiyo kuna nyama laini iliyojaza nafasi. Ile nyama aliidhania kuwa ni damu iliyochuruzika kutoka mishipani, ikamiminika kando yake na kuganda. Akaiita parenkhyma. Tukilivunja neno tunapata para, yaani kando ya. En, yaani ndani. Na khyma, kilichomiminwa, kutokana na kitenzi khein, kumimina. Kwa hiyo parenkhyma ni kitu kilichomiminwa ndani, kando ya mishipa. Kitenzi hichohicho ndicho kilichozaa khymos, majimaji, na kutoka hapo likapatikana jina la uji wa chakula kilichosagwa tumboni, ambao wanafunzi wako wanausoma kwenye mada ya mmeng'enyo kwa jina la Kiingereza "chyme". Waonyeshe undugu huo, watalikumbuka.

Dhana ya Erasistratus haikuwa sahihi. Ini limejengwa kwa seli zake lenyewe, wala si damu iliyoganda. Lakini neno limedumu miaka zaidi ya 2,200. Ukipimwa ini au figo kwa ultrasaundi leo, ripoti huandika habari za parenkima, ikiwa na maana ya nyama ya kiungo inayofanya kazi yenyewe ya kiungo hicho, mbali na mishipa na tishu zinazokishikilia.

Kwenye mimea neno hili liliingizwa na daktari Mwingereza, Nehemiah Grew. Robert Hooke alikuwa ameshachapisha mwaka 1665 picha za vijumba alivyoviona kwenye kizibo, akavipa jina ambalo ndilo tunaloliita seli. Grew, katika kitabu chake cha mwaka 1672 na kile kikubwa zaidi cha mwaka 1682, alipasua mizizi, mashina na matunda kama daktari anavyopasua mwili. Alikuta sehemu laini inayojaza nafasi, kama vile kiini cha shina na nyama ya gome, akaiita kwa neno alilolizoea katika tiba: parenkima. Hakuwa na sababu ya kuamini kwamba kuna kitu kilichomiminwa hapo. Aliazima jina kwa sababu ya sura ya kitu na mahali kinapokaa.

Link alipohitaji jina la tishu ya seli ndefu, alichukua mwili wa neno lilelile akabadilisha kichwa. Badala ya para akaweka pros, ambayo kwa Kigiriki ni kuelekea, karibu na, au zaidi ya hapo. Ukilazimisha tafsiri ya neno zima utapata kitu kama "kilichomiminwa kuelekea", na tafsiri hiyo haikufikishi popote. Neno liliundwa Ulaya, kwa vipande vya Kigiriki, ili lisimame mkabala na parenkima. Ndiyo maana nakushauri usiwape vijana maana ya asili ya neno hili ukitarajia itawaeleza tishu yenyewe. Kwa parenkima, maana ya asili inaeleza walivyofikiri watu wa kale. Kwa prosenkima, haielezi hata hilo.

Kuanzia hapo kipande "enkima" kikageuka kuwa alama tu ya "hii ni tishu", kikapachikwa kila mahali. Mengine yamedumu: kolenkima kutoka kolla, gundi, sklerenkima kutoka skleros, ngumu, klorenkima kutoka khloros, rangi ya kijani, aerenkima kutoka aer, hewa. Hili la mwisho limetoka kwa mwanabotania Schenck, mwaka 1889, na kwenu Tanga halihitaji maabara. Mizizi ya mchu inayochomoza topeni kwenye mikoko imejaa tishu hiyo ya nafasi za hewa, na ukiukata mmoja utauona ulivyo mwepesi na wenye matundumatundu.

Mengine yalikufa kabla hayajazoeleka. Karne ya 19 ilikuwa na bothrenkima, kutoka bothros, shimo, kwa mirija yenye vishimo ukutani. Ilikuwa na pleurenkima, kutoka pleura, ubavu, kwa nyuzi za mbao. Ilikuwa pia na sinenkima, kutoka kinein, kwenda au kusogea, kwa mirija ya utomvu mweupe. Hilo la sinenkima linanivutia kuliko yote, kwa sababu lilibeba nadharia ndani yake. Waliolitumia waliamini kwamba utomvu unazunguka mwilini mwa mmea kama damu. Ukilichana papai bichi, maziwa hutoka kwa kasi, na mtu anaweza kudhani yalikuwa safarini. Ukweli ni kwamba yalikuwa yametulia ndani ya mirija kwa shinikizo, na ulipoikata ndipo yakapata njia. Nadharia ilipoanguka, jina nalo halikuwa na pa kusimama.

Turudi kwenye mkonge, maana hapo Muheza umezungukwa na mfano bora kuliko picha yoyote ya kitabuni.

Omba ruhusa uwapeleke vijana kwenye korona, yaani mashine ya kukwangua majani ya mkonge, ya shamba lolote la jirani. Jani la mkonge linaingia likiwa zima, mashine inalisaga na kulikwangua huku maji yakimwagika, na upande wa pili zinatoka singa, yaani nyuzi, ndefu, zimelowa, za kijani hafifu kabla ya kuanikwa. Kinachokwenda mtaroni ni makapi. Hapo, mwalimu, mashine imetenganisha tishu mbele ya macho yako. Makapi kwa sehemu kubwa ni parenkima: seli laini, kuta nyembamba, maji tele. Nyingine zina fuwele za oksaleti ya kalisi zenye ncha kali, na hizo ndizo moja ya sababu majimaji ya mkonge yanawasha ngozi, jambo ambalo kila mkata mkonge analijua. Zinazobaki mkononi ni tishu zilizokataa kusagika. Kwa uzito, singa ni sehemu ndogo mno ya jani bichi, takribani asilimia 3 hadi 5.

Chukua singa moja, ndefu kama mita moja. Wanafunzi wengi wanadhani hiyo ni seli moja ndefu. Sivyo. Ni fungu la seli nyingi zilizoshikamana, na kila seli ina urefu wa milimita 3 hivi, pengine pungufu, pengine zaidi kidogo, na upana wa mikroni 20 (sehemu 20 za elfu za milimita) kwa kukadiria. Singa inafika mita moja kwa sababu ncha za seli zinapishana, kama msokotaji kamba anavyoingiza nyuzi mpya kabla ya zile za kwanza hazijaisha. Hili hasa ndilo lililomfanya mwandishi wa kitabu chako aseme prosenkima. Kwa kipimo cha Link, alikuwa sahihi kabisa.

Ila ukichunguza zaidi, jina linaanza kubana. Singa za jani la mkonge si za aina moja. Kuna zinazopita karibu na ngozi ya jani, ambazo ni mafungu ya seli za kuimarisha tu, ngumu, zinazostahimili korona bila kupasuka. Kuna nyingine zinazopita katikati ya jani, zimekaa kama mpevu ubavuni mwa mirija ya kusafirishia maji na chakula. Hizi zikikaushwa zinakuwa bapa kama utepe na hupasuka kwa urefu kwa urahisi, na mara nyingi zimebeba mabaki ya mirija hiyo, yaani zilemu ya maji na floemu ya chakula. Katika singa moja ya aina hii kuna seli za kazi tatu tofauti, na nyingi kati yao ni ndefu. Ukisema zote ni prosenkima, utakuwa umetaja umbo lao ukaacha karibu kila kitu kingine.

Panda sasa milimani hadi Shume, Lushoto, kwenye mashamba ya mipaina. Mbao ya mpaina karibu yote imejengwa kwa trakeidi, seli za milimita 3 hivi, zilizochongoka, zinazopishana ncha. Kwa umbo ni ndugu wa seli za mkonge, na mtu wa mwaka 1830 angeziweka kundi moja bila kusita. Lakini trakeidi inapitisha maji kutoka mizizini hadi kwenye majani, kupitia vishimo maalumu ukutani mwake, na wakati huohuo inaubeba mti. Seli ya uzi wa mkonge haina kazi ya kupitisha maji. Ukuta wake umenenepa hadi nafasi ya ndani imebaki finyu, na kazi yake ni kulifanya jani lenye urefu wa zaidi ya mita lisimame wima bila kuvunjika.

Kinyume chake kipo pia, na hiki ndicho kinachonishawishi mimi kuliko hoja nyingine yoyote. Chukua nazi moja. Makumbi yake yana nyuzi, zile zinazofukiwa mchangani pwani hadi zilainike, kisha zikapondwa na kusokotwa kamba. Seli za nyuzi hizo ni fupi kuliko za mkonge, hazifiki kwa kawaida milimita 1, lakini zimerefuka, na kuta zake zimejaa lignini, ile dutu inayoufanya ukuta wa seli uwe mgumu. Kifuu cha nazi hiyohiyo kimejengwa kwa seli za mawe: kuta nene ajabu, lignini tele, ila si nyuzi ndefu zenye ncha za kupishana. Kwa hesabu ya zamani, makumbi ni prosenkima na kifuu sicho. Umevitenga vitu viwili vinavyofanana kwa ukuta, kwa ugumu na kwa kazi, eti kwa sababu kimoja ni kirefu. Sklerenkima inavirudisha pamoja: nyuzi upande mmoja, seli za mawe upande wa pili, tishu moja ya kuimarisha na kukinga.

Jina hilo la sklerenkima lilitolewa na mwanabotania Mettenius mwaka 1865, na halikuja peke yake. Nägeli alikuwa ametoa zilemu na floemu mwaka 1858, kutoka xylon, mti wa mbao, na phloios, gome, akiangalia seli zinatokana na nini na zimekaa wapi katika fungu la mirija. Mwaka 1874 Schwendener alitoa kitabu akiuchambua mmea kwa macho ya mhandisi: mzigo uko wapi, nguvu ya kuvuta iko wapi, tishu ngumu imewekwa mahali gani ili kuikabili. Haberlandt akafuata mwaka 1884 na anatomia iliyopangwa yote kwa kazi ya tishu. Baada ya watu hawa, swali la kwanza la mwanabotania halikuwa tena "seli hii ina umbo gani?". Likawa: ukuta wake ukoje, imetoka wapi, inafanya nini? Prosenkima haikuwa na jibu hata kwa moja kati ya hayo.

Hakuna aliyeitangazia kifo. Ilipungua taratibu. Vitabu vya shule vya Kiingereza viliendelea kuitaja hadi ndani ya karne ya 20, na wataalamu wa anatomia ya mbao walibaki nayo muda mrefu kuliko wengine, kwa sababu wao wanashughulika kutwa na seli ndefu zilizochongoka na walihitaji neno la kuzitaja kwa jumla. Mkonge wenyewe ulifika hapa wakati neno likiwa bado linatumika. Dk. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikapitia Hamburg, ikafika Pangani ikiwa hai 62 tu. Amani, kule milimani Usambara, ilipoanzishwa kuwa kituo cha utafiti mwaka 1902, neno prosenkima lilikuwa bado halijatoka vitabuni. Si ajabu basi kulikuta kwenye kabati la Muheza.

Kuhusu darasa lako, jibu langu ni la wazi. Kwenye mtihani asiandike mtu prosenkima. Msahihishaji hatalitafuta, na hata akilijua atakuwa na haki ya kusema halijibu swali. Wafundishe aina tatu zilizomo kwenye muhtasari na wazijue kwa kuta zake: parenkima, kuta nyembamba na seli hai, kolenkima, seli hai zenye kuta zilizonenepa bila usawa, hasa kwenye pembe za seli, bila lignini, sklerenkima, kuta nene zenye lignini, na kwa kawaida seli zimekufa zikikomaa. Lakini kwa kidato cha tano na cha sita, neno la kale litaje, na ulitaje kwa heshima. Kijana anayejua tu kwamba sklerenkima "ina aina mbili" amekariri. Kijana aliyeona kwamba watu wenye akili nyingi walizipanga seli hizohizo kwa njia nyingine, akaelewa njia hiyo ilikwama wapi, huyo ameanza kuelewa uainishaji ni nini.

Zoezi la kufanya halina gharama kubwa. Tafuta vitu vitatu: singa ya mkonge, pera lililoiva na shina changa la mboga ya maboga. Kwenye pera, chukua kile kipande cha nyama kinachosikika kama mchanga ukikitafuna. Huo si mchanga, ni vikundi vya seli za mawe. Kiponde polepole kwenye kioo, tone la maji, funika, tazama. Kuta nene utaziona bila taabu, na ukisogeza lenzi vizuri utaona na vijia vyembamba vinavyopita ndani ya ukuta. Kama maabara yenu ina floroglusinoli na asidi ya haidrokloriki, weka wewe mwenyewe, si wanafunzi, maana asidi hiyo inaunguza. Penye lignini patageuka pekundu. Singa itageuka, seli za mawe za pera zitageuka. Kata sasa kipande chembamba cha shina la boga kwa kukingama, ukitazame kwenye matuta ya nje: kolenkima iliyoko hapo haitageuka, ingawa kuta zake ni nene. Angalia usiwaruhusu wachanganye na wekundu wa mirija ya zilemu iliyoko ndani zaidi ya shina.

Kabla hawajaandika majina yoyote, waambie wapange picha zote mara mbili: kwanza kwa umbo, kisha kwa ukuta na rangi. Singa na seli ya mawe zitatengana katika mpango wa kwanza na kukutana katika wa pili. Hapo ndipo uwasomee ule ukurasa wa kitabu cha zamani, na uwaulize mwandishi wake alikuwa anatumia mpango upi.